Redio Zilizonyamazishwa Vitabuni

Leo, msikilizaji, nimejitwisha kazi ya ajabu kidogo: kukusimulia vitabu vya picha kupitia chombo kisichoonyesha picha. Vitabu vyenyewe vinahusu kampuni ya Kijerumani iitwayo Braun, na hasa redio, gramafoni na spika ilizotengeneza kuanzia mwaka 1955 hadi ilipoachana na biashara hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Huku kwetu ukitaja Braun, wengi watakuambia mashine ya kunyolea ndevu au blenda ya jikoni. Hawajakosea. Lakini waulize wabunifu wa vyombo vya umeme popote walipo, watakutajia redio kwanza, na vitabu vilivyoandikwa juu ya redio hizo vinaweza kujaza rafu.

Nitaje vichache tusipotezane njiani. Kuna Weniger, aber besser, yaani Kidogo zaidi, lakini bora zaidi, alichokitoa mwaka 1995 Dieter Rams mwenyewe, mbunifu mkuu wa kampuni hiyo kwa miaka mingi. Kuna Less and More, katalogi ya maonyesho yaliyoanzia Osaka, Japani, kisha yakafika London na Frankfurt; wahariri wake ni Klaus Klemp na Keiko Ueki-Polet. Sophie Lovell akatoa As Little Design as Possible mwaka 2011. Klemp akarudi mwaka 2020 na Dieter Rams: The Complete Works. Pembeni ya hao wako wakusanyaji, Jo Klatt na Günter Staeffler, na kitabu chao Braun+Design Collection. Hicho nitakirudia baadaye, kwa maana kina sifa ambayo vile vya fahari havina.

Umeshaona kitu katika orodha hiyo? Kampuni ni Braun, lakini majalada mengi yamebeba jina la Rams. Ugomvi wangu na vitabu hivi unaanzia hapo. Vinatufundisha kuitazama redio kama sanamu ya jumba la makumbusho na mchongaji wake mmoja, ilhali redio hizo zilitokana na watu wengi waliobishana mezani, na zilitengenezwa ili zisikike. Pale mwandishi anapoonyesha shida iliyowakabili na namna walivyoitatua, vitabu hivi ni vitamu, nitakesha navyo. Pale anapoanza kuchoma ubani, naruka kurasa.

Tuchukue chombo kimoja, kwa sababu hakuna kitabu cha Braun kisichokuwa na picha yake. Kinaitwa SK 4, cha mwaka 1956. Ni redio na gramafoni katika sanduku moja. Fumba macho ukione. Mwili wake ni bati la chuma lililokunjwa na kupakwa rangi nyeupe. Kushoto na kulia limefungwa kwa vipande viwili vya mbao isiyo na nakshi yoyote. Mbele kuna mipasuo myembamba iliyopangwa kwa utaratibu, humo ndimo sauti inamopitia. Juu kuna sahani ya kuzungushia santuri, na kando yake vitufe vichache na mstari wa masafa ya stesheni. Juu ya vyote kuna kifuniko cha plastiki angavu, unaona kila kilichomo ndani. Watu wakakicheka, wakakibatiza jeneza la Snow White, yule binti wa ngano za ndugu Grimm aliyelazwa kwenye jeneza la kioo.

Kicheko hicho kina maana ukijua redio za sebuleni zilivyokuwa Ujerumani siku hizo. Redio ilikuwa samani: kabati la mbao nyeusi iliyopigwa vanishi mpaka ikang'aa, kitambaa cha kahawia mbele ya spika, vifito vya rangi ya dhahabu pembeni. Tunaijua redio ya aina hiyo hata sisi. Ilikaa juu ya meza yake, imevikwa kitambaa cheupe cha kufuma, na mtoto aliyethubutu kuigusa baba akiwa kazini alikiona cha mtema kuni. Sasa SK 4 utaivika wapi kitambaa? Juu yote ni mitambo, na kifuniko kimewekwa makusudi ili uitazame. Bibi zetu wasingeikubali, na wala nisingewalaumu.

Lakini kile kifuniko. Picha inakuonyesha plastiki angavu, na maelezo ya chini ya picha huongeza maneno makubwa juu ya uwazi na usasa. Kisa chenyewe ni kitamu kuliko maneno hayo. Kifuniko cha kwanza kilikuwa cha bati, kama mwili wote. Walipokijaribu kwa muziki, bati likatetema. Si la kushangaza: spika iko ndani ya sanduku hilohilo, na bati pana limelazwa juu yake, sauti ikipanda tu, nalo linaanza kuimba wimbo wake. Ndipo Rams, kijana wa miaka ishirini na ushei ambaye ndiyo kwanza ameingia kazini, akapendekeza akriliki, ile plastiki ngumu inayopitisha mwanga. Mtetemo ukaisha. Kifuniko kinachosifiwa leo kwa uzuri wake wa kutazamwa kilitokana na malalamiko ya sikio. Na baada ya hapo, taja kampuni yoyote ya gramafoni, ya Japani, ya Uingereza, ya popote: wote wakaweka kifuniko angavu. Wewe mwenyewe, kama uliwahi kuona gramafoni ya miaka ya 1970 kwenye nyumba ya mtu mwenye uwezo, kifuniko chake kilikuwa hicho.

Basi tukaulizane: SK 4 ni kazi ya nani? Rams alizaliwa Wiesbaden mwaka 1932, mjukuu wa seremala. Alisomea usanifu wa majengo, akafanya kazi kwa msanifu Otto Apel mjini Frankfurt, na mwaka 1955 akaajiriwa Braun. Hakuajiriwa atengeneze redio. Aliajiriwa apange vyumba, ofisi na mahali pa kuonyeshea bidhaa. Alipoingia, mapinduzi yalikuwa yameshaanza bila yeye.

Mzee Max Braun, mhandisi, alianzisha karakana yake Frankfurt mwaka 1921, akatengeneza vipuri vya redio kisha redio kamili. Alifariki mwaka 1951, kampuni ikabaki mikononi mwa wanawe wawili, vijana bado. Artur alishika ufundi, Erwin akashika biashara. Erwin ndiye aliyechoshwa na makabati ya mbao. Akamchukua Fritz Eichler, mtu wa jukwaa na filamu, asiyekuwa na historia yoyote ya kiwandani, akampa usukani wa sura ya bidhaa zote. Wakaenda Ulm, kwenye chuo kipya cha ubunifu, wakampata Hans Gugelot. Huyu alizaliwa Makassar, Indonesia ya leo, mwaka 1920, wakati visiwa hivyo vikiwa chini ya Waholanzi. Wakampata pia Otl Aicher, aliyewachorea banda la maonyesho la Düsseldorf mwaka 1955. Hapo ndipo Wajerumani walipoziona kwa mara ya kwanza redio hizi zisizo na dhahabu. Miongoni mwake kulikuwa na kisanduku kidogo kiitwacho SK 1, chenye matundu mbele na sahani moja ya mviringo ya kutafutia stesheni. Hicho walikibuni Artur Braun na Eichler, yaani mwenye kiwanda na mtu wa jukwaa.

Sasa rudi kwenye SK 4. Umbo la jumla, bati na zile mbao mbili, ni la Gugelot na Rams. Sehemu ya gramafoni ilitoka kwa Wilhelm Wagenfeld, mzee aliyekuwa ameshajipatia jina tangu shule ya ubunifu ya Bauhaus kwa taa yake ya mezani ya mwaka 1924, pamoja na mikono mingine ya karakana ya Braun. Eichler alisimamia. Na nyuma ya wote kuna wahandisi wa umeme ambao majina yao hayapo hata kwa herufi ndogo.

Vitabu vya siku hizi huandika Gugelot na Rams kwa pamoja, na hilo ni jambo la haki. Tatizo haliko kwenye maelezo ya chini ya picha, liko kwenye jalada. Gugelot alifariki mwaka 1965, hajatimiza hata miaka 46. Wimbi la kuandika vitabu na kupiga filamu lilipokuja, yeye hakuwepo kuhojiwa. Rams alikuwepo, ana kumbukumbu nzuri, anaongea vizuri, na nyumba yake ya Kronberg inapendeza kwenye kamera. Mwandishi akienda kutafuta historia, anaipata kwa aliye hai. Tunalijua jambo hili katika muziki wa dansi: mpiga gitaa aliyebaki ndiye anayetueleza nani alitunga nyimbo za bendi nzima.

Kwa upande wa Rams, sina neno baya juu yake. Aliongoza idara ya ubunifu ya Braun tangu mwaka 1961 hadi 1995, na kila mara hutaja kwamba alifanya kazi na wenzake. Wanaomtenga ni wanaomtukuza. Zile kanuni zake kumi za ubunifu mzuri sasa zinakaririwa vyuoni, zinabandikwa ukutani, zinachapwa kwenye fulana. Na yeye aliyehubiri upunguzaji ameandikiwa vitabu vizito kuliko matofali. Hapo nacheka peke yangu.

Kuna jambo moja ambalo kitabu cha picha kikilipita mbio, msomaji anabaki na picha tupu. Kwa nini Ujerumani? Kwa nini vijana wale, mwaka 1955, walikuwa na hamu kubwa namna ile ya redio isiyojisifu? Kumbuka redio ilivyokuwa imetumika nchini mwao. Mwaka 1933 ilitoka redio ya bei nafuu iliyoitwa VE 301, redio ya wananchi, iliyobuniwa na Walter Maria Kersting na kuuzwa kwa Reichsmark 76. Hizo tarakimu 301 ni tarehe: 30 Januari, siku Hitler aliposhika ukansela. Propaganda ya Goebbels, waziri wa Hitler, iliingia sebuleni kwa chombo hicho. Miaka kumi baadaye, mwaka 1943, vijana wawili wa Ulm, Hans Scholl na dada yake Sophie, walikatwa vichwa kwa kosa la kusambaza vipeperushi dhidi ya utawala ule. Dada yao mkubwa, Inge, akishirikiana na mumewe, Otl Aicher, na Max Bill, mbunifu kutoka Uswisi, ndio walioanzisha chuo cha Ulm mwaka 1953, kwa kuwakumbuka wale wawili.

Unaliona fundo lilipo? Kanuni ya sita ya Rams inasema ubunifu mzuri ni mwaminifu, hauahidi kisichokuwemo. Ukiisoma kwenye fulana ni msemo tu. Ukiisoma ukijua kwamba chuo kilichowapa Braun mwelekeo kilisimama juu ya kaburi la watoto waliouawa kwa kusema kweli, unaelewa kwa nini watu wale walikuwa wakali kiasi kile juu ya kijifito cha dhahabu ya uongo kwenye redio. Mimi nasema kitabu cha Braun kisicho na Ulm ni kitabu cha fanicha. Na chuo chenyewe hakikudumu. Kilifungwa mwaka 1968, baada ya mivutano ya fedha na siasa.

Tuje kwenye kile ninachokipenda kuliko vyote, na hapa naomba utulie kidogo maana nitakichora kwa mdomo. Mwaka 1959 Braun walitoa kitu kiitwacho TP 1. Chukua redio ndogo ya transista, ya kutia mfukoni mwa koti. Chukua kicheza santuri kidogo, cha zile santuri ndogo za mizunguko 45. Viunganishe kwa fremu ya alumini, weka mkanda wa ngozi, ning'iniza begani. Miaka 20 kabla ya Walkman ya Sony, kijana wa Frankfurt angeweza kutembea na santuri zake. Lakini tazama kicheza santuri chenyewe: mkono wa sindano uko wapi? Hauonekani. Unasukuma kijifuniko, sindano inachomoza kutoka chini, na inausoma ule upande wa santuri ulioelekea chini. Kwa hiyo ukitaka wimbo wa upande wa kwanza, unaulaza kifudifudi. Santuri yenyewe ni pana kuliko mashine, kingo zake zinatokeza nje.

Nimetazama picha za TP 1 katika vitabu zaidi ya kimoja. Picha nyingi zimepigwa kutoka juu, mwanga mweupe, kivuli hakuna, na mara nyingi santuri haipo. Bila santuri, msomaji haelewi kitu. Anaona kijisanduku kizuri chenye duara. Maajabu yote yako upande wa chini, na kwenye lile tendo la kusukuma. Mpiga picha angeweka santuri moja tu, na kidole cha mtu, mambo yangejieleza.

Ile redio ndogo iliyomo ndani ya TP 1 ina dada yake mkubwa wa mwaka 1958, T3. Hii nayo ina umaarufu wake, ila umaarufu wenyewe unanikera. T3 ni mstatili mweupe, matundu madogo yamejipanga kuunda mraba, na chini yake duara moja la kuzungusha. Mwaka 2001 Apple wakatoa iPod, nayo mstatili mweupe, skrini juu, duara chini. Tangu siku hiyo hakuna makala ya Braun isiyoweka picha hizo mbili ubavu kwa ubavu. Jonathan Ive, wakati huo mbunifu wa Apple, aliandika dibaji ya kitabu cha Sophie Lovell, na ni dibaji nzuri kweli: anakumbuka mashine ya kukamulia machungwa ya Braun iliyokuwa nyumbani kwa wazazi wake alipokuwa mtoto. Kitu cha jikoni, si redio, ndicho kilichomgusa. Kwa nini basi turudie kila siku picha zilezile mbili? Zinawafanya Gugelot, Eichler na wenzao waonekane kama watangulizi waliotumwa kumtayarishia njia mtu wa iPod. Wao walikuwa na haja zao.

Sasa niingie kwenye jambo linaloniuma zaidi, mimi niliyezoea kuishi kwa sauti. Unaweza kusoma vitabu hivi vyote na usijue hata kimoja kati ya vyombo hivyo kililia vipi. Chukua spika inayoitwa LE 1, iliyoanza kutoka mwishoni mwa miaka ya 1950. Pichani ni ubao mpana, mwembamba, wa kijivu, umesimama juu ya miguu myembamba ya chuma, umeegemea nyuma kidogo. Inapendeza. Watu wanaitundika picha yake ukutani. Lakini ndani ya ubao huo mna nini? Mna kazi ya Mwingereza, Peter Walker wa kampuni ya Quad, mji wa Huntingdon. Yeye mwaka 1957 aliingiza sokoni spika isiyotumia koni ya karatasi tunayoijua. Badala ya koni kuna utando mwembamba kabisa wa plastiki, umetandikwa kati ya bamba mbili zenye matundu. Utando unapewa umeme wa volti elfu kadhaa. Ishara ya muziki ikipita kwenye bamba, utando unavutwa na kusukumwa, huku na huku, wote kwa pamoja. Kwa kuwa ni mwepesi mno, unafuata sauti bila kuchelewa; mwimbaji akivuta pumzi kabla ya beti, unaisikia. Kasoro yake ni kwamba besi yake haina ubabe, na ukiipandisha sauti kupita kiasi utaiumiza. Si spika ya kupeleka harusini.

Braun walinunua leseni ya mitambo hiyo, wakaivalisha vazi lao. Kwa maneno mengine, moja ya spika zinazosifiwa zaidi katika vitabu vya Ujerumani ina koo la Kiingereza. Ukitaka kulijua koo hilo utaacha vitabu vya Braun, ukatafute Quad: The Closest Approach cha Ken Kessler, mwandishi wa vyombo vya muziki. Kessler si mtu wa makumbusho, ni mtu wa kukaa kwenye kiti na kusikiliza. Kwake Quad inatazamwa kuanzia kwenye sikio, na sanduku linakuja baadaye. Masanduku ya Quad, tuseme kweli, mengine yanafanana na kipasha joto cha ukutani. Kitabu cha Braun na hiki cha Quad vikikaa pamoja mezani, kimoja cha macho na kimoja cha sikio, unapata spika nzima. Kimojakimoja kinakupa nusu.

Redio nyingine ya Braun nitakayoitaja ina uhusiano na sisi tunaozungumza Kiswahili, japo kwa mbali. Ni T 1000, ya mwaka 1963. Ni jisanduku la alumini, zito, lenye mkono wa kubebea, na mlango wa mbele unaofunguka kwenda chini. Ukifungua unakutana na mistari ya masafa: marefu, ya kati, FM, na mafupi yaliyogawanywa mikanda mingi. Waliiita kipokezi cha dunia, kwa maana ilitengenezwa ikamate stesheni za mbali. Mwaka uleule wa 1963, Deutsche Welle ilianza matangazo yake kwa Kiswahili kutoka Cologne. Sisemi mtu yeyote wa Tanga au Kisumu aliisikiliza Deutsche Welle kwa T 1000; redio hiyo ilikuwa ya watu wenye fedha. Sisi tuliwasikiliza kwa Philips, kwa National, kwa Sanyo, na mawe yakiisha nguvu tunayaanika juani ili yatupe nusu saa nyingine ya taarifa ya habari. Lakini kazi ya mikono ilikuwa ileile. Unazungusha taratibu, unapita mluzi, unapita Mwarabu, unapita muziki usioujua, unamkuta mtangazaji wako amezama ndani ya mawimbi, unarudi nyuma unywele mmoja. Aliyewahi kutafuta stesheni ya masafa mafupi usiku ataelewa kwa nini mhandisi anahangaika kugawa mikanda ile: kila ukiutanua mkanda, unywele ule unakuwa mpana zaidi, na stesheni inakamatika.

Hilo nalo hulioni pichani. Unaona mistari imepangwa kwa ustadi. Ustadi wenyewe ulikuwa kwa ajili ya vidole vya mtu gizani.

Niliahidi kuwarudia wakusanyaji. Jo Klatt wa Hamburg hakuwa profesa. Alikuwa mpenzi wa vyombo vya Braun aliyeanza kuviorodhesha, akachapisha jarida la wapenzi wenzake, na baadaye, yeye na Staeffler, wakatoa kile kitabu. Hakina mbwembwe. Ni chombo, namba yake, mwaka wake, mbunifu wake; chombo kingine, namba, mwaka, mbunifu. Picha ni ndogondogo. Mwanachuo wa ubunifu atapiga miayo. Lakini humo ndimo utakuta redio ambazo hazikupata umaarufu, zile za katikati, zile zilizokosea, na majina ya watu ambao majalada makubwa hayawajui: Gerd Alfred Müller, Herbert Hirche, Reinhold Weiss, Dietrich Lubs. Vitabu vya fahari vilipokuja baadaye, viliikuta njia imefyekwa. Na ni Klatt huyohuyo aliyemchapishia Rams kitabu chake cha mwaka 1995.

Tena mkusanyaji ana tabia moja inayomkaribia fundi redio wa mtaani kwetu: anageuza chombo. Fundi hana muda na sura ya mbele. Ukimpelekea redio anailaza kifudifudi, anafungua mfuniko wa nyuma, anapuliza vumbi, anaangalia waya uliochomoka, ananusa kama kuna kilichoungua. Basi sikiliza jambo la kupendeza kuhusu SK 4: mgongo wake ulipangwa kwa uangalifu uleule wa mbele, ili uweze kuiweka katikati ya chumba bila aibu. Redio za zamani zilikuwa na uso wa bibi harusi na mgongo wa kadibodi, ndiyo maana ziliegeshwa ukutani. Waandishi hulitaja jambo hili la mgongo. Wengi hulitaja kwa maneno, huku picha wakiendelea kutupa uso.

Mwisho wa redio hizi unasimuliwa haraka vitabuni, na mimi sitauchelewesha. Gillette ya Marekani ikainunua Braun mwaka 1967. Faida ilikuwa kwenye mashine za kunyolea na miswaki ya umeme. Vyombo vya muziki vya Japani vikashusha bei sokoni. Braun wakaendelea na seti yao ya mwisho, Atelier, hata nyaya za nyuma wakazifichia kifuniko, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakafunga ukurasa. Mwaka 2019 jina likarudi kwenye spika zilizoitwa tena LE, zikitengenezwa na kampuni nyingine kwa leseni. Ndani hakuna utando wala volti elfu. Ni spika za intaneti zinazosikiliza amri za mdomo. Vazi limebaki, koo limebadilishwa.

Naulizwa, je, kuna kitabu cha namna hii kuhusu redio zilizotulea sisi? Philips walikuwa na kiwanda Arusha kilichounganisha redio, Matsushita wakawa Dar es Salaam na betri na redio za National. Waliozitengeneza wengine wako hai, wamestaafu, wanakumbuka nani alikaa kwenye benchi gani. Mwandishi kijana anayetafuta kazi ya kufanya asingoje Gugelot wetu afariki.

Kwa anayetaka kununua kimoja tu kati ya hivi vya Braun, jibu langu ni kile cha Sophie Lovell, kwa sababu anawapa nafasi watu waliomzunguka Rams na anaandika kwa lugha ya kawaida. Mwenye fedha zaidi aongeze The Complete Works, apate mpangilio wa miaka. Fundi, au mtoto wa fundi, amtafute Klatt kwenye maduka ya vitabu vilivyotumika. Ni adimu, lakini Wajerumani hukiuza, na hakuna ubaya kukinunua kikiwa kimechakaa. Na ukifika kwenye ukurasa wa SK 4, katika kitabu chochote kati ya hivyo, gonga jalada kwa kucha, kisha gonga sufuria ya bati, ujue kwa nini walibadilisha kile kifuniko.